Connor Bedard kabla ya NHL: umri, gongo na mkataba

Machi 2020, Hockey Canada, chama kinachosimamia hoki ya barafuni nchini Kanada, kilitoa kibali ambacho ligi ya vijana ya magharibi mwa nchi hiyo, WHL, haikuwahi kukipata tangu ianzishwe. Mvulana wa North Vancouver, aliyekuwa bado na miaka 14, aliruhusiwa kucheza msimu mzima pamoja na vijana wa hadi miaka 20. Jina lake Connor Bedard, mzaliwa wa 17 Julai 2005. Timu ya Regina Pats ilikuwa na chaguo la kwanza mwaka huo katika drafti ya WHL, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji chipukizi, ikamchukua yeye bila kusita.

Wengi wetu tunaoufuata mchezo huu kwa mbali, habari za kijana wa aina hii hutufikia zikiwa zimeshapikwa: mabao kadhaa, pointi kadhaa, na sifa kwamba huyu ndiye bingwa ajaye. Mabao ni mabao, sibishi. Lakini hayakuambii mengi kama hujui alizaliwa mwezi gani, alicheza na nani, na sheria zipi zilimfungulia au kumfungia mlango. Bedard ni mfano mzuri kwa sababu karibu kila sheria ya hoki ya vijana ilimgusa kwa namna fulani, na kwa sababu misimu yake ya kwanza NHL, ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, akiwa na timu ya Chicago, haikwenda kama matangazo yalivyoahidi.

Tuanze na hicho kibali, kinachoitwa hadhi ya mchezaji wa kipekee. Ligi kuu za vijana za Kanada ziko tatu: WHL upande wa magharibi, OHL jimboni Ontario, na QMJHL huko Quebec na majimbo ya Atlantiki. Zote ziko chini ya mwavuli wa CHL. Kwa kawaida mchezaji huingia moja kwa moja akiwa na miaka 16. Mwenye miaka 15 hupewa mechi chache tu za kuonja. Kibali ndicho kinachoiondoa hiyo mipaka. John Tavares alikuwa wa kwanza, mwaka 2005. Wakafuata Aaron Ekblad 2011, Connor McDavid 2012, Sean Day 2013, Joe Veleno 2015 na Shane Wright 2019, kisha Bedard.

Sasa tazama waliishia wapi. Tavares, Ekblad na McDavid wote walichaguliwa wa kwanza katika drafti ya NHL. Day alichaguliwa wa 81 mwaka 2016. Veleno alikuwa wa 30 mwaka 2018. Wright, ambaye kwa miaka miwili alitajwa kuwa wa kwanza bila mpinzani, aliteremka hadi nafasi ya 4 mwaka 2022. Kibali kinakueleza kwamba kijana amewazidi wenzake akiwa na miaka 14, wakati baadhi yao hawajaota hata ndevu. Hakisemi lolote juu ya atakavyokuwa wenzake watakaporefuka na kupata misuli. Day alikuwa na mwili mkubwa na aliteleza vizuri mno kwa umri wake. Wengine walipokua, ile tofauti ikayeyuka.

Kisa cha Wright kinahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, maana wengi wanakisimulia vibaya. Msimu wa 2020-21 OHL haikucheza hata mechi moja kwa sababu ya korona. Wright, aliyezaliwa Januari 2004, alikosa ligi nzima akiwa na miaka 16 na 17, umri ambao mchezaji hujifunza kufanya uamuzi kwa kasi ya juu. Bedard alikuwa na bahati na mipango. Kwanza alikwenda Sweden, kwenye timu za vijana za HV71 huko Jönköping. WHL ilipopata ruhusa ya kucheza msimu mfupi wa mechi 24, timu za kanda ya Regina zikiwa zimekusanywa kituo kimoja, alirudi Regina akacheza mechi 15: mabao 12, pasi za bao 16. Aprili alikuwa Texas kwenye mashindano ya dunia ya chini ya miaka 18, akapata pointi 14 katika mechi 7 na dhahabu shingoni. Na nani alikuwa nahodha wa Kanada kule Texas? Wright, aliyefunga mabao 9 katika mechi 5. Kwa hiyo kipaji hakikuwa kimekwenda popote. Alichokosa ni ule mzigo wa mechi za wiki baada ya wiki, na pengo hilo lilionekana msimu uliofuata, wasaka vipaji walipomkagua kila usiku.

(Pointi, kwa ambaye ni mgeni hapa: bao ni pointi moja, na kila bao linaweza kuwapa pointi moja moja hadi wachezaji wawili wa mwisho waliogusa mpira kabla ya mfungaji. Na huo mpira si mpira wa duara. Ni paki, kisahani cha mpira mgumu chenye unene wa sentimita 2.5, upana wa 7.6 na uzito wa gramu 170 hivi.)

Tarehe ya kuzaliwa ina hila nyingine. Ili uingie kwenye drafti ya NHL ya mwaka fulani, lazima uwe umetimiza miaka 18 ifikapo 15 Septemba ya mwaka huo. Bedard, wa Julai, aliingia 2023 akiwa bado na miaka 17. Auston Matthews alizaliwa 17 Septemba 1997. Siku mbili zikamsogeza kutoka drafti ya 2015 hadi ya 2016. Badala ya kurudi kwenye ligi za vijana alikwenda Uswisi, akacheza na watu wazima wa ZSC Lions mjini Zürich, mabao 24 katika mechi 36. Toronto ikamchagua wa kwanza, na katika mechi yake ya kwanza ya NHL, Oktoba 2016, akafunga mabao 4. Ukilinganisha vijana wawili wa drafti moja, mmoja anaweza kuwa amemzidi mwenzake karibu mwaka mzima. Pointi 90 za kijana wa Oktoba si sawa na pointi 90 za kijana wa Agosti, ingawa kwenye jedwali zinakaa mstari mmoja.

Tuje kwenye shuti, maana hapo ndipo Bedard alipojitofautisha, na ni jambo unaloweza kulitazama kwa macho yako ukisimamisha video.

Kipa wa hoki hasimami mbele ya mshambuliaji. Anasimama kwenye mstari unaotoka kwenye paki hadi katikati ya goli, na husogea sentimita chache kila paki inaposogea. Goli lina upana wa meta 1.83 na urefu wa 1.22, kipa aliyekaa vizuri kwenye mstari huo huacha nafasi ndogo sana pembeni. Bedard anapiga kwa upande wa kulia wa mwili wake, mkono wa kulia ukiwa chini kwenye gongo. Anakuja na paki ikiwa mbali na mwili wake, upande wa nje. Kipa anajipanga kwa paki hiyo. Beki ananyoosha gongo lake kuiziba njia hiyo hiyo. Kisha Bedard anaivuta paki kwa ncha ya bapa la gongo kuelekea miguuni mwake, na anaachia shuti paki ikiwa bado inasogea, bila kurudisha gongo nyuma kuchukua nguvu. Mambo mawili yanatokea kwa pamoja: mstari umehama wakati kipa bado yuko kwenye mstari wa zamani, na gongo la beki, badala ya kuzuia, limekuwa pazia mbele ya macho ya kipa.

Anayemwiga hukosea hatua ya katikati. Anavuta paki, anaituliza, halafu ndipo anapiga. Huko kutulia, hata kama ni chini ya nusu sekunde, kunamtosha kipa kusogea. Kosa la pili ni kuvuta paki karibu mno na viatu. Mkono wa juu unabanwa kwenye mbavu na gongo halina nafasi ya kupinda. Mkono wa juu lazima utoke mbele ya mwili, na uzito wote uegemee kwenye mkono wa chini.

Kupinda ndiko kunakozaa shuti. Gongo la kisasa la kaboni lina namba iliyoandikwa ubavuni, 50, 65, 75, 85 na kuendelea. Hiyo ni nguvu, kwa ratili, inayohitajika kulipinda kwa inchi moja. Mchezaji anaegemea gongo, gongo linapinda, kisha linajinyoosha na kuirusha paki. Kanuni ya kuanzia ni nusu ya uzito wako kwa ratili: mtoto wa kilo 40 ana ratili 88, kwa hiyo atafute 40 au 45. Wazazi hununua la 75 ili mtoto alikulie, kama sare ya shule, na matokeo yake mtoto halipindi kabisa. Anajifunza kuisukuma paki kwa mabega, na tabia hiyo haing'oki kirahisi. Jambo jingine linalosahaulika: ukikata gongo kulifupisha, linakuwa gumu zaidi. La 65 ukilipunguza sentimita 10 halibaki kuwa la 65.

Zoezi hili, kwa bahati, halihitaji barafu. Kipande cha plastiki laini, paki na ukuta vinatosha, na vijana wengi wa Kanada hupiga mashuti yao gereji au uani. Nalisema hili nikiwafikiria pia walioko Nairobi. Timu ya Ice Lions ilizaliwa kwenye uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, na Kenya ilipokelewa kwenye shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni, IIHF, mwaka 2024. Muda wa barafu pale ni haba. Shuti la kuvuta unaweza kulijenga sebuleni, kuteleza huwezi.

Maisha ya Regina hayana anasa. Mchezaji wa WHL huishi na familia mwenyeji inayompa chumba na chakula. Asubuhi shule, mchana mazoezi, na msimu wa kawaida una mechi 68 kabla ya hatua ya mtoano. Ligi inaanzia nyanda za Manitoba hadi Oregon, Marekani, na safari karibu zote ni za basi. Posho ni ndogo. Malipo halisi ni ufadhili wa masomo: kila msimu uliocheza unakulipia mwaka mmoja wa chuo.

Hapo zamani kulikuwa na mtego ndani ya ufadhili huo. Vyuo vya Marekani vilivyo chini ya NCAA vilimhesabu mchezaji wa CHL kuwa wa kulipwa, kwa hiyo ukiingia WHL mlango wa hoki ya vyuo vya Marekani unafungwa moja kwa moja. Familia zililazimika kuamua mtoto akiwa na miaka 15 au 16, na uamuzi haukuwa na njia ya kurudi. Sheria hiyo ilibadilishwa Novemba 2024 na mabadiliko yakaanza Agosti 2025. Gavin McKenna wa Yukon, aliyepata pointi 129 katika mechi 56 akiwa na Medicine Hat Tigers, aliitumia nafasi hiyo papo hapo akahamia Penn State. Bedard hakuwa na chaguo hilo. Kwa maoni yangu asingelichukua. Kwake msimu wa tatu Regina ulikuwa wa kuhitimisha, si wa kutafuta njia.

Takwimu zake za Regina ni za kutisha. Msimu wa 2021-22, mabao 51 na pointi 100 katika mechi 62. Uliofuata, mabao 71 na pointi 143 katika mechi 57. Ila swali la kuuliza kila uonapo namba kama hizi ni moja: aliyemfuata kwenye timu alipata ngapi? Regina wa pili alikuwa na 85, akiwa amecheza mechi 10 zaidi. Katika mtoano Regina walitolewa raundi ya kwanza na Saskatoon kwa mechi 7, na Bedard alipata pointi 20 katika mechi hizo 7. Kijana anayepata pointi 120 kwenye timu bingwa, akizungukwa na wenzake watatu wenye 100, ananitia wasiwasi zaidi kuliko huyu aliyebeba mzigo peke yake na bado akafungwa.

Kwenye mashindano ya dunia ya chini ya miaka 20, Halifax na Moncton, alipata pointi 23 katika mechi 7. Katika robo fainali dhidi ya Slovakia, 2 Januari 2023, muda wa nyongeza, alipita katikati ya mabeki na kumaliza mechi mwenyewe. Kipa aliyefungwa, Adam Gajan, alichaguliwa na Chicago miezi michache baadaye, wa 35. Sijui walichekana vipi siku walipokutana kambini.

Kufika Chicago kwenyewe ilikuwa bahati nasibu, na simaanishi msemo. Timu 16 zilizokosa mtoano huingia kwenye kura. Anaheim walioshika mkia walikuwa na asilimia 25.5 ya kupata chaguo la kwanza, Columbus 13.5, Chicago 11.5. Timu haiwezi kupanda zaidi ya nafasi 10. Tarehe 8 Mei 2023 kura iliangukia Chicago, timu iliyokuwa imeshauza wachezaji wake karibu wote wa maana, akiwamo Patrick Kane aliyepelekwa New York Februari hiyo. Bedard alichaguliwa Nashville tarehe 28 Juni, akatia saini siku aliyotimiza miaka 18: miaka mitatu, mshahara wa msingi dola 950,000 kwa mwaka, na juu yake bonasi za mafanikio.

Mkataba wa kwanza wa NHL una kanuni ambayo mashabiki wengi huisikia bila kuielewa. Kijana wa miaka 18 au 19 akicheza mechi 9 au pungufu, mwaka wa kwanza wa mkataba hauhesabiwi, unasogezwa mbele. Mechi ya 10 ikichezwa, saa imeanza. Na aliyetoka CHL, kwa makubaliano ya miaka mingi kati ya ligi hizo, hakuweza kupelekwa kwenye ligi ya pili, AHL, kabla ya kufikisha miaka 20. Ni NHL au arudi kwa vijana. Wright alionja uchungu wake 2022-23. Seattle walimchezesha mechi 8 tu, wakampeleka AHL kwa muda mfupi unaoruhusiwa kwa ajili ya kurudisha makali, akaenda mashindano ya dunia, akarudishwa OHL kwenye timu ya Kingston, ikamuuza kwa Windsor. Kijana mmoja, msimu mmoja, makocha wangapi? Kila mmoja ana mfumo wake wa kukaba. Makubaliano mapya yamelegeza hilo kidogo kwa wachezaji wa miaka 19, na ilikuwa imechelewa.

Bedard hakupitia mzunguko huo. Tarehe 10 Oktoba 2023 alianza ugenini Pittsburgh dhidi ya Sidney Crosby, akapata pasi ya bao. Kesho yake akafunga bao lake la kwanza Boston. Kufikia 5 Januari alikuwa na pointi 33 katika mechi 39. Usiku huo, dhidi ya New Jersey, aliingia eneo la wapinzani katikati ya uwanja, paki ikiwa karibu na mwili na macho yakiwa chini, beki Brendan Smith akamkuta kwa bega. Taya likavunjika, akakosa mechi 14.

Ile njia aliyoipita ndiyo aliyokuwa akiipita WHL kila wiki. Kule beki wa miaka 17 hurudi nyuma akimwogopa, na nafasi inabaki. Beki wa NHL harudi. Anasubiri mshambuliaji aitazame paki, kisha anafunga mlango. Vijana wenye mikono mizuri ndio wanaoumizwa hivi mara nyingi, kwa sababu mikono hiyo imewazoesha kwamba watapenya tu.

Alimaliza na mabao 22 na pointi 61 katika mechi 68, akapewa Calder, tuzo ya mchezaji chipukizi bora. Pia alimaliza na hasi 44, yaani, ukiacha mabao yanayofungwa na timu iliyo na mchezaji zaidi uwanjani, Chicago walifungwa mabao 44 zaidi ya waliyofunga yeye akiwa uwanjani. Timu ilishinda mechi 23 kati ya 82, kwa hiyo si lake peke yake. Lakini katika kugombea paki mwamuzi anapoidondosha, kazi ya kila senta, yaani mshambuliaji wa katikati, alishinda chini ya asilimia 40. Hapo hakuna wa kumlaumu: ni nguvu ya mapaja na kiuno, na ujanja wa kusoma mkono wa mwamuzi, vitu vinavyokuja na miaka. Senta anayepoteza sita kati ya kumi anaanza kila zamu akikimbiza. Ningemchezesha winga msimu mzima wa kwanza, wakamwachia mtu mzima kazi hiyo.

Msimu wa pili alicheza mechi zote 82: mabao 23, pointi 67. Kwa mwingine ungeitwa msimu mzuri. Kocha Luke Richardson alifukuzwa Desemba 2024, na Bedard akaendelea kujifunza chini ya mtu mwingine, kisha Mei 2025 akaajiriwa Jeff Blashill. Tatizo lililoonekana wazi ni hatua tatu za kwanza anapoanza kuteleza; shuti lake linahitaji nusu meta ya nafasi, na bila mwendo huo wa ghafla nafasi haipatikani.

Mkataba wa kwanza ulihesabiwa kwa misimu ya 2023-24, 2024-25 na 2025-26. Unapokwisha, mchezaji wa aina yake hayuko huru kabisa: timu nyingine inaweza kumwekea ofa mezani, lakini Chicago wana siku 7 za kuilinganisha na kubaki naye, na wakikataa wanalipwa kwa machaguo ya drafti, idadi yake ikitegemea ukubwa wa mshahara uliotolewa.